Mnunuzi amerudi mara saba, bei hajaitaja

Jambo Yaya (dada yangu mkubwa),

Nakuandikia nikiwa nimechoka, na uchovu wenyewe si wa kazi. Tunauza nyumba yetu hapa Bel-Air, komini ya Kampemba, mjini Lubumbashi. Mume wangu amestaafu, watoto wameshaondoka, tumebaki sisi wawili na wajukuu wawili tunaowalea. Binti yetu wa kwanza yuko Likasi, nasi tumeona kule tutapata nyumba ndogo, na pesa itakayobaki itatusaidia uzeeni. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, paa la mabati, vyumba vinne. Parsele, yaani kiwanja chenyewe, ina ukuta pande zote, miembe miwili na kisima. Tulianza kuijenga 1996 kidogo kidogo, na mwaka 2014 tukaongeza jiko na chumba kimoja upande wa nyuma. Bei tuliyotaja ni dola 45,000. Kabla ya kuitangaza tuliisafisha vizuri, tukapaka rangi ndani yote, hata kile chumba cha watoto kilichokuwa na doa mwaka jana.

Katikati ya Novemba komisionere, dalali wetu, akatuletea baba mmoja, mtu mzima, mpole, anavaa vizuri. Aliangalia, akasifu miembe, akasema atarudi. Kweli alirudi, Jumamosi iliyofuata, na mke wake. Mama yule alikaa sana jikoni, akafungua kabati zangu zote. Nikawapa soda. Mara ya tatu alikuja na mjomba wake. Nikapika, maana mzee ni mzee, huwezi kumwacha aondoke na njaa. Walikula bukari (ugali) na sombe (kisamvu), wakashukuru, wakaenda.

Mara ya nne ndiyo iliyoanza kunichoma roho. Ilikuwa Jumapili jioni, mvua imekatika sasa hivi, sisi tumejipumzisha, mimi niko na kitenge kimoja tu. Nasikia mtu anagonga lango. Ni yeye, peke yake, hana hata simu aliyopiga. Viatu vimejaa tope, akavivua barazani akaingia na soksi. Akapita saloni, pale sebuleni, bila kuangalia kitu, akaenda moja kwa moja chumba cha watoto.

Mara ya tano alileta fundi anayegonga kuta kwa kidole. Mara ya sita nilikuwa sokoni. Nilirudi naruka madimbwi barabara nzima, nikamkuta amesimama uani na mjukuu wangu wa miaka tisa ndiye aliyemfungulia! Mara ya saba ni juzi, asubuhi, usiku kucha ilikuwa imenyesha na umeme umekatika. Akaomba tochi. Akaingia kile chumba, akaweka kiganja kwenye pembe ya ukuta, chini ya dari, akakiacha pale kama mtu anayempima mtoto homa. Halafu akanusa mkono wake. Nikamuuliza, «Baba, kuna nini?» Akasema, «Hakuna kitu, mama, naangalia tu.» Kabla ya kutoka akaomba nimpe fotokopi ya sertifika yetu, hati ya parsele, akaisome nyumbani. Nilikataa.

Katika mara zote hizo saba, Yaya, hajawahi kutaja bei. Hajasema ni ghali, hajasema ni rahisi. Na nimesikia kwa jirani kwamba mtu mwingine alitaka kuja kuona, komisionere akamwambia nyumba hii imeshapata mwenyewe! Mume wangu anasema tuvumilie, mteja ni mfalme. Mimi naogopa. Labda ni mwizi anayesoma nyumba. Labda anatuchezea mpaka tuchoke tumuuzie kwa bei ya kutupa. Nataka nimfungie lango nimwambie asirudi tena. Nitakuwa nimekosea?

Mama wa Bel-Air

*

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza haraka, nikakuonea huruma, nikawa tayari kukuambia ulifunge lango. Nikairudia polepole, na safari hii nikaangalia hali ya hewa.

Angalia na wewe. Mara tatu za mwanzo alikuja kama wanunuzi wote wanavyokuja: yeye, mke, mzee wa ukoo. Hapo hakuna ajabu. Ila ile Jumapili aliyokuja ghafla, umeandika mwenyewe kwamba mvua ilikuwa imekatika sasa hivi. Siku ya soko, wewe ulirudi ukiruka madimbwi. Juzi, ilikuwa imenyesha usiku kucha. Na ile Jumapili na juzi, zote mbili, alikwenda pale pale, chumba cha watoto, kile «kilichokuwa na doa mwaka jana» mkakipaka rangi.

Huyu baba harudii nyumba yako. Anarudia ukuta mmoja.

Sijui kama doa limeanza kutokea tena juu ya rangi mpya. Wewe unayelala humo unajua. Mara nyingi huanza na duara la rangi ya chai, dogo, kama alama iliyoachwa na kikombe kwenye kitambaa cha meza, na kila mvua linajiongezea mstari mwingine pembeni. Sipandi juu ya paa lako kutoka hapa nilipo, lakini nitakuambia ninachoshuku. Chumba cha watoto, kama kiko upande wa nyuma, kinapakana na sehemu mliyoongeza 2014. Pale paa la zamani linapokutana na paa jipya ndipo maji yanapopenda kupita. Msumari umelegea, au bati la chini halikuingizwa vya kutosha chini ya lile la juu, au takataka za miembe zimejaa kwenye maungio na maji yakakosa njia. Yanashuka ndani ya tofali taratibu, na rangi ya mafuta juu yake ni kama kumfunika mgonjwa shuka safi. Ukiweka kiganja utasikia ubaridi. Ukinusa utapata harufu ya udongo. Alichofanya juzi kwa tochi si uchawi wala wizi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika kuuza nyumba neno hilo nimeliona likitimia mara nyingi. Mimi mwenyewe nimekuwa upande wa huyo baba. Nilipotaka kununua kule Katuba nilirudi mara tano, nikamchosha mzee mwenye nyumba kama unavyochoshwa wewe. Mchana nyumba ilikuwa tulivu kabisa. Lakini mara ya tatu nilipita saa mbili za usiku nikakuta ng'ambo ya barabara kuna nganda, yaani baa, spika mbili nje, watu wanacheza. Sikusema kitu. Nilirudi tena, na tena, siku tofauti, nikihesabu usiku wa kelele, na kila mara mzee akiniuliza nasema naangalia tu. Mara ya tano akaniwekea kiti barazani akaniambia, «Mama, wewe unarudi kwa sababu ya muziki. Ni Ijumaa na Jumamosi, unaisha saa sita, siku nyingine wanafunga mapema.» Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tukaongea bei jioni ile ile, akanipunguzia kidogo, nikanunua. Kama angeendelea kunyamaza nami ningeendelea kurudi, halafu siku moja ningeacha, naye asingejua kwa nini.

Kwa hiyo swali lako, nimfungie lango? Hapana. Lakini lisibaki wazi kama lilivyo sasa.

Anza na paa, kabla ya kumwita mtu yeyote. Tafuta fundi wenu, si wake, apande siku isiyo na mvua, awaonyeshe kwa kidole maji yanaingilia wapi, awaambie kazi yake ni dola ngapi. Hapo mna njia mbili, na zote mbili ni za heshima. Mnaweza kutengeneza kabla ya kuuza, mkaacha ukuta ukauke wazi, bila rangi, ili mtu auone unavyokauka. Au, kama pesa haipo, mnamwambia mnunuzi: hapa panavuja, fundi amesema itagharimu kiasi hiki, tunakitoa kwenye bei. Mimi ningependelea ya kwanza kama mna uwezo, kwa sababu mnunuzi mwenye wasiwasi hukata mara tatu ya gharama yenyewe. Lakini ya pili pia inauza nyumba.

Na usifikiri nasema hivi kwa wema tu. Sheria ya mikataba tunayoitumia hapa Kongo ni ya zamani sana, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na mpaka leo inafanya kazi. Inambebesha muuzaji kasoro zilizofichika za kitu alichokiuza. Kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona kwa macho yake, hiyo ni juu yake mwenyewe. Lakini muuzaji aliyejua ubovu akanyamaza anaweza kutakiwa arudishe pesa, na fidia juu yake. Ninyi mlijua kuna doa, mkalipaka rangi. Fikiria mko Likasi, pesa mmeshaweka kwenye nyumba nyingine, na mtu anawaita mahakamani Lubumbashi kwa ajili ya pembe moja ya chumba. Ukimwambia leo, tena mkaliandika kwenye acte (hati) ya kuuza kwamba ameonyeshwa na amekubali, jambo hilo limetoka kwenye «kufichika». Huyo baba kwa kurudi kwake anakupa nafasi ya kujisafisha kabla ya saini. Ningekuwa wewe ningeichukua kwa mikono miwili.

Sasa heshima ya nyumba yako. Hapa niko upande wako kabisa. Umempokea kama mgeni wa ukoo: soda, bukari, sombe. Una moyo mzuri, lakini mnunuzi si mgeni, na ukimlisha kila safari unamfundisha kwamba kuja ni ziara. Hata huyo mgeni, Waswahili walimpa siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Yeye amefika mara saba hujampa jembe lolote. Glasi ya maji na kiti barazani vinatosha, na kabla hajaingia ndani muulize kwa upole, «Baba, leo umekuja kuangalia nini?» Mtu mwenye nia atakujibu: kisima, mpaka wa parsele, umeme unakatika mara ngapi. Atakayekujibu «naangalia tu» kila siku, mwambie ukiwa umetulia kwamba kuangalia tu kumekwisha, na kwamba safari ijayo mtakaa wote wanne, yeye na mke wake, wewe na mume wako, muongee bei.

Maana hilo la bei na ninyi mna sehemu yenu. Mnasubiri aanze. Yeye anasubiri kujua ukuta una nini, atatajaje bei ya kitu asichokijua? Mambo hayo mawili yameshikana miguu ndiyo maana hakuna anayesogea.

Kuja bila simu kuishe leo. Aambiwe hivyo na mume wako, si na wewe peke yako, ili asidhani mama ndiye mkali na baba ndiye mlango wa nyuma. Randevu, yaani miadi, ipangwe kwa simu, mchana, na watu wazima wawili wawe nyumbani. Na yule mjukuu wa miaka tisa, tafadhali, akae naye babu yake amweleze kwamba lango hafungui kwa mtu yeyote kama hakuna mkubwa, hata kama ni yule baba mwenye viatu vizuri anayemjua. Hofu yako ya wizi siidharau. Nyumba inayouzwa inaingiwa na watu wengi, na si wote wanaonunua. Dhahabu yako, pesa, radio ndogo, simu, vihame viende kwa dada au kwa binti mpaka biashara iishe. Lakini kwa huyu, kwa jinsi ulivyomweleza, mwizi hagongi kuta kutafuta unyevu.

Sertifika umefanya vizuri sana kutompa. Fotokopi ikizunguka mjini huwezi kujua inaishia mkononi mwa nani, na watu wameuziwa parsele za wenyewe kwa fotokopi. Hata hivyo mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua. Ardhi ya Kongo ni ya Serikali, sisi tunashika haki ya kuitumia, na tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 kinachothibitisha haki hiyo ni sertifika iliyoandikwa kwa konsevatere wa hati za ardhi. Basi muonyeshe ile ya asili, mezani, mbele yako, asome namba aiandike. Halafu siku mtakayokuwa mmekubaliana bei, nendeni pamoja kwenye ofisi ya konsevatere wa eneo lenu, aulize mwenyewe kama parsele ni yenu, kama haina rehani wala kesi. Safari hiyo ya ofisini ni jembe zuri kuliko yote. Asiye na nia hatafika.

Na kabla ya hapo, tazameni hiyo sertifika ninyi wenyewe. Ina jina la nani? Hata kama ni la mume wako peke yake, Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka kukubali kwa mume na mke wote wawili ili kuhamisha parsele, hata kama mlichagua utaratibu gani wa mali siku ya ndoa. Saini yako ni ya lazima. Nakuambia hivi kwa sababu nasikia kwenye barua yako kwamba yeye anasema «tuvumilie» na wewe unasema «nimfungie», na komisionere pamoja na mnunuzi watakuwa wameshawasoma. Kaeni ninyi wawili usiku mmoja, wajukuu wakishalala, mpange neno moja: bei ya mwisho mtakayokubali, kiasi cha paa, na tarehe ambayo baada yake mnaendelea na watu wengine.

Watu wengine, ndiyo. Komisionere wako hana ruhusa ya kusema nyumba imepata mwenyewe. Haijapata. Hakuna aliyetoa hata faranga. Mwite, mwambie wazi kwamba mpaka ninyi mtakaposaini na kupokea, nyumba iko sokoni, na yule aliyefukuzwa atafutwe aletwe. Kama anasitasita, tafuta komisionere wa pili. Huenda anamshikia huyu wa kwanza nafasi kwa mapatano yao, huenda ni uvivu tu, sitamhukumu nisiyemjua. Mnunuzi akitaka kweli mfunge milango kwa wengine, aweke arbuni, muandike karatasi yenye tarehe, kiasi, muda wa kumaliza, na itakuwaje arbuni hiyo mmoja wenu akijitoa. Wote wanne msaini na shahidi mmoja kila upande. Malipo makubwa yapitie benki. Dola za mkononi unazihesabu kwa wasiwasi barazani, halafu nusu yake zinakataliwa mahali pengine kwa sababu ya mpasuko mdogo usioonekana.

Ukimaliza na fundi wenu, mpigie huyo baba wewe mwenyewe. Usingoje aje. Mwambie: «Baba, najua kile chumba kinakusumbua. Maji yanaingilia pale paa la zamani linapokutana na jipya. Njoo na fundi wako, na mama, tuwaonyeshe, halafu tuongee bei.» Kama ni mnunuzi, utasikia sauti yake inavyobadilika kwenye simu. Kama hatatokea baada ya hapo, umepata jibu lako bila ugomvi, na yule wa pili atakuja kwenye nyumba yenye paa zima. Na ngazi, kama hamna, aazimeni kwa jirani mapema. Mvua ya kwetu haisubiri mpaka Aprili iwaonee huruma.